Raspberry Pi Zero 2 W kwa Anayeanza: Chaja na Kadi Kwanza, Bodi Baadaye

Raspberry Pi Zero 2 W ni kompyuta kamili iliyojengwa juu ya bodi moja yenye urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30, na ilipotoka tarehe 28 Oktoba 2021 bei yake ilitangazwa kuwa dola 15 za Marekani. Bei hiyo ndiyo inayowavuta wengi wanaotaka kuanza, na ndiyo pia inayowapotosha, kwa sababu huihesabu bodi na kuviacha vingine vyote vijipange baadaye. Nimeitumia nyumbani na katika maktaba ya shule moja ya sekondari kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na rai yangu ni kwamba inamfaa sana anayeanza kwa masharti mawili: awe na kazi moja mahususi anayotaka bodi imfanyie, na fedha yake ya kwanza aitoe kwa chaja nzuri na kadi nzuri ya kumbukumbu kabla hajaitafuta bodi yenyewe.

Asili ya kifaa hiki inaeleza mengi kuhusu umbo lake. Wakfu wa Raspberry Pi ulianzishwa Cambridge, Uingereza, na watu waliohuzunishwa kuona vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wakipungua, na wanaokuja wakiwa hawajawahi kuandika programu hata moja. Eben Upton alikuwa miongoni mwao. Bodi ya kwanza iliuzwa tarehe 29 Februari 2012. Mwaka 2015 ikatoka Zero kwa dola 5, mwaka 2017 ikafuata Zero W iliyoongezewa waifai na Bluetooth kwa dola 10, kisha ndipo ikaja hii. Kwa nje Zero W na Zero 2 W zinafanana mno, lakini ya zamani ina prosesa yenye kiini kimoja, ilhali hii ina viini vinne vya aina ya Cortex-A53 vinavyokwenda kwa gigahezi 1. Watengenezaji wanataja kasi ya mara tano kwa kazi zinazoweza kugawanywa kati ya viini hivyo. Katika matumizi yangu, faida inayoonekana zaidi ni kwamba seva ndogo, yaani programu inayohudumia vifaa vingine, huendelea kuwajibu watumiaji huku mfumo ukisasishwa, jambo ambalo Zero W hulifanya kwa kukwamakwama.

Kinachofika mkononi mwako ni bodi tupu. Ina tundu moja la mini HDMI, matundu mawili ya micro USB, moja la data na jingine la umeme lililoandikwa PWR IN, mahali pa kuchomeka kadi ya microSD, tundu jembamba la waya wa kamera, na mashimo 40 ya pini ambayo hayajalehemiwa. Haina tundu la spika, haina tundu la waya wa mtandao, haina swichi ya kuwashia wala hifadhi yoyote ya ndani, na RAM yake ni megabaiti 512 zisizoweza kuongezwa. Anayetaka kuiunganisha na televisheni, kibodi na mausi atahitaji adapta ya mini HDMI, adapta ya micro USB ya OTG (inayowezesha tundu dogo kupokea kibodi au mausi), na kifaa cha kugawa tundu la USB kwa kuwa tundu la data ni moja tu. Akijumlisha vyote atakuta amekaribia au kuipita bei ya bodi. Kwa hiyo namshauri anayeanza asipite njia hiyo kabisa. Zero 2 W ni kifaa cha kuwekwa pembeni kikafanya kazi bila skrini, nawe ukakiongoza kwa mbali kutoka kwenye kompyuta nyingine au hata simu. Ukiichukulia hivyo tangu mwanzo inatenda vizuri ajabu, na ukiilazimisha iwe kompyuta ya mezani itakusumbua kila siku.

Umeme ndio unaoamua mengi. Bodi inataka volti 5, na watengenezaji wanapendekeza chaja inayoweza kutoa ampea 2.5, ingawa matumizi yake halisi ni madogo sana: inapotulia hutumia chini ya wati 1, na ikifanya kazi kwa nguvu zote bila kuunganishwa na kifaa kingine huzunguka wati 3. Kwa udogo huo mtu huona kwamba chaja yoyote ya simu itatosha. Shida ni kwamba chaja nyingi za bei ya chini, hata zile zilizoandikwa ampea 2, hushindwa kuishikilia volti 5 pale bodi inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla, kama vile waifai inapoanza kurusha data huku prosesa ikiwa kazini, na waya mwembamba mrefu huzidisha upungufu huo.

Jambo ambalo wauzaji wachache hulisema ni hili: bodi kubwa za Raspberry Pi, kuanzia B+ ya mwaka 2014, zina sakiti inayotambua volti zikishuka chini ya takriban 4.63, na huonyesha alama ya radi kwenye skrini au kuandika onyo katika kumbukumbu za mfumo. Bodi za familia ya Zero hazina sakiti hiyo. Umeme ukipungua, Zero 2 W haikuambii kitu. Itajizima na kujiwasha, au waifai itapotea na kurudi, au faili itaharibika kwenye kadi kimyakimya, na anayeanza atadhani tatizo liko kwenye programu aliyoisakinisha jana, atafuta, atasakinisha upya, na tatizo litarudi. Kwa sababu hiyo, kila mtu anayeniuliza kuhusu bodi inayosumbua namwomba abadilishe chaja na waya kabla hajagusa kitu kingine. Chaja iliyokuja na simu ya kampuni inayojulikana, pamoja na waya mfupi na mnene, hutosha. Chaja za kuchaji haraka nazo hazina madhara, kwa kuwa bodi haiombi volti za juu, na chaja isipoombwa hubaki kwenye volti 5.

Upande wa pili wa umeme ni kukatika kwake, na hapa uzoefu wa msomaji wa Ulaya hautusaidii sana. Kompyuta hii haina betri, na ikizimwa ghafla wakati inaandika kwenye kadi, mfumo mzima unaweza kugoma kuwaka tena. Dawa niliyoiona ikifanya kazi vizuri zaidi ni ile mini UPS ndogo inayouzwa kwa ajili ya ruta za nyumbani, maana nyingi zina tundu la USB la volti 5 na hubadili kutoka umeme wa ukutani kwenda betri bila kusita. Pawabenki ya kawaida inahitaji uangalifu, kwa sababu zipo zinazokata umeme kwa nukta moja pale unapoichomeka au kuichomoa kwenye chaji, na nukta hiyo inatosha kuizima bodi. Nyingine hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, zikidhani simu imejaa. Ukipata isiyo na tabia hizo, hesabu yake inapendeza. Tuseme bodi inatumia wastani wa wati 1.5, basi kwa saa 24 itatumia watisaa 36, na pawabenki ya miliampea 20,000, ambayo betri yake hubeba watisaa 74, itaiendesha kwa takriban siku moja na nusu baada ya kutoa kiasi kinachopotea njiani. Hata paneli ndogo ya sola inaweza kuibeba kazi hiyo, na kwa shule zilizo mbali na gridi jambo hili peke yake ni sababu tosha ya kuichagua bodi hii badala ya kompyuta ya mezani.

Bodi ikishawekwa mahali pake na programu zake zikatulia, inafaa kuingia katika raspi-config, programu ya mipangilio ya bodi, na kuwasha kile kinachoitwa Overlay File System. Tangu hapo mabadiliko yote huandikwa kwenye RAM tu, kadi haiguswi, na umeme ukikatika bodi huwaka tena ikiwa vilevile ilivyokuwa. Kwa seva ya kusoma tu, isiyohifadhi data mpya, sioni sababu ya kuacha kufanya hivyo. Kama unahitaji kuhifadhi data, basi jizoeze kuizima kwa amri ya sudo poweroff na kusubiri taa ya kijani izimike kabisa kabla ya kuchomoa waya.

Kadi ya kumbukumbu ni jambo la pili la kuchagua kwa makini, kwa sababu ndiyo diski ya kompyuta hii. Soko limejaa kadi bandia zenye maandishi ya kampuni kubwa, ambazo kompyuta huzisoma kuwa za gigabaiti 64 ilhali uwezo wake wa kweli ni gigabaiti 8, na zinaanza kupoteza faili pale tu zinapojaa kiasi hicho. Kadi ikifika mkononi, ijaribu kabla ya yote kwa programu ya H2testw ikiwa unatumia Windows, au F3 ikiwa unatumia Linux au macOS. Programu hizo huandika kadi nzima na kuisoma tena, na ukweli hujulikana. Gigabaiti 32 zinatosha kuanzia, na kadi yenye alama ya A1 hufungua programu kwa wepesi zaidi kuliko isiyo nayo, kwa kuwa alama hiyo inahusu kasi ya kusoma na kuandika vipande vidogovidogo, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya mfumo endeshi.

Kusakinisha mfumo kumekuwa rahisi kuliko zamani. Unahitaji kuazima kompyuta yoyote yenye Windows, macOS au Linux, unapakua programu inayoitwa Raspberry Pi Imager, unachagua aina ya bodi, unachagua mfumo, unachagua kadi, kisha unaiandika. Mfumo wenyewe ni Raspberry Pi OS, uliojengwa juu ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kwa bodi hii ninapendekeza toleo la Lite lisilo na sura ya madirisha, linaloongozwa kwa amri za kuandika, tena la biti 32, kwa sababu programu za biti 64 hula RAM zaidi na hapa RAM haitoshi kugawa ovyo. Kabla ya kuandika kadi, Imager itakuuliza kama unataka kuweka mipangilio yako. Hatua hii usiiruke. Hapo ndipo unapoipa bodi jina, unapounda jina la mtumiaji na nenosiri, unapoandika jina na nenosiri la waifai yako, unapochagua nchi ili redio ya waifai ifuate kanuni za mahali ulipo, na unapoiwasha SSH, yaani njia ya kuingia kwenye bodi kutoka mbali.

Ninasisitiza hatua hiyo kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni, yakiwemo ya video, ni ya zamani na yatakupeleka pabaya. Yapo yanayokuambia uingie kwa jina la pi na nenosiri la raspberry, ilhali mtumiaji huyo wa tayari aliondolewa mwezi Aprili 2022. Yapo yanayokuambia uandike faili ya wpa_supplicant.conf na kuiweka kwenye kadi ili waifai iunganike, ilhali njia hiyo iliacha kufanya kazi mfumo ulipohamia NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, mwaka 2023. Anayeanza hufuata maelekezo hayo kwa uaminifu, hakuna kinachotokea, na anaamini kwamba bodi ni mbovu. Ukikutana na somo lolote, angalia kwanza liliandikwa lini.

Jambo jingine linalowakwamisha watu ni masafa ya waifai. Zero 2 W inasikia gigahezi 2.4 peke yake. Simu nyingi za kisasa, ukiwasha hotspoti, hurusha kwa gigahezi 5, na bodi haitauona mtandao huo hata ukiiweka juu ya simu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti na uchague gigahezi 2.4, au uwashe kile kipengele cha kuongeza upatanifu na vifaa vya zamani. Baada ya hapo chomeka kadi, chomeka umeme kwenye tundu la PWR IN, na uwe na subira, kwa kuwa mara ya kwanza bodi huitanua nafasi ya kadi na kujiwasha upya, na wakati huo wote unachoona ni taa ya kijani inayopepesa. Kwenye kompyuta utaifikia kwa kuandika jina ulilolipa likifuatiwa na .local, kwenye simu ni hakika zaidi kutazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa na hotspoti, ukachukua anwani yake ya IP, kisha ukaingia kwa SSH kwa kutumia programu za simu kama ConnectBot au Termux. Watoto wa shule niliowaonyesha njia hii ya simu waliielewa haraka kuliko walimu wao, na nilifurahi kuona kwamba kukosa kompyuta ya mezani hakumzuii mtu kujifunza Linux, ilimradi apate pa kuandikia kadi mara moja. Tahadhari ni bando: kusasisha mfumo kwa mara ya kwanza kunaweza kumaliza mamia ya megabaiti, kwa hiyo ni afadhali kufanyia mahali penye intaneti isiyopimwa.

Nikija kwenye kazi yenyewe, matumizi ninayoyaona kuwa na manufaa makubwa kuliko yote kwa bodi ya bei hii ni maktaba isiyohitaji intaneti. Mradi wa Kiwix hukusanya Wikipedia na hazina nyingine za maarifa katika faili moja yenye kiambishi cha .zim, na seva yake ndogo inapatikana ndani ya Debian kwa amri ya sudo apt install kiwix-tools. Wikipedia ya Kiswahili inaingia kwa raha kwenye kadi ya gigabaiti 32 na kuacha nafasi ya vitu vingine. Ile kamili ya Kiingereza yenye picha inapita gigabaiti 100 na inahitaji kadi ya gigabaiti 256. Ukishaweka faili, unaiwasha kiwix-serve, unaifanya bodi irushe hotspoti yake kupitia NetworkManager, na mwanafunzi mwenye simu anaunganisha na kusoma kama yuko mtandaoni, bila kutumia hata shilingi moja ya bando. Nimeona wanafunzi wakitafuta mada za biolojia, wakifungua picha na kusogea ukurasa hadi ukurasa bila kusubiri kwa muda wa kukera.

Mipaka ipo, na ni wajibu kuitaja. Redio ya bodi hii ni ndogo, antena yake imechongwa kwenye bodi yenyewe, na haikukusudiwa kulibeba darasa zima lenye simu arobaini kwa wakati mmoja. Kwa kikundi cha wasomaji wachache waliokaa karibu inatosha. Kwa darasa, unganisha ruta ya kawaida na uiachie ruta kazi ya kurusha waifai, au nunua Raspberry Pi 4 yenye tundu la waya wa mtandao. Vilevile anayetaka Kolibri, mfumo wa masomo wa Learning Equality unaopatikana pia kwa Kiswahili, wenye video, mazoezi na kumbukumbu za maendeleo ya kila mwanafunzi, asiubebeshe RAM ya megabaiti 512. Huo uweke kwenye Pi 4 yenye gigabaiti 2 au zaidi.

Kuhusu sura ya madirisha sitasema mengi. Inawezekana kusakinisha toleo lenye sura hiyo, na litawaka, lakini ukifungua kivinjari na kurasa mbili za kisasa RAM inakwisha, mfumo unaanza kutumia kadi kama RAM, na kila kitu kinakwenda kwa kuburuzwa. Mzazi anayetafuta kompyuta ya mtoto ya kuandikia na kujifunzia Scratch, lugha ya programu ya watoto, atafute Raspberry Pi 400, iliyotoka Novemba 2020 ikiwa imejengwa ndani ya kibodi na yenye gigabaiti 4. Na ofisi inayotafuta kompyuta ya kuandikia barua na hesabu itapata thamani zaidi kwenye laptopu ya mtumba iliyo katika hali nzuri, ambayo inakuja na skrini, betri na kibodi vikiwa pamoja.

Pini 40 ndizo zinazoitofautisha bodi hii na kompyuta ya kawaida, kwa sababu kupitia hizo programu yako inaweza kuwasha taa, kusoma kihisi au kuendesha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Anayeanza akinunua bodi isiyo na pini atahitaji kulehemu, na si kila mtu ana chuma cha kulehemu nyumbani. Lipo toleo lililokwisha kulehemiwa kiwandani, linaloitwa Zero 2 WH, nami naona nyongeza ya bei yake ni ya haki. Fundi wa simu anaweza pia kukulehemia kwa malipo madogo, kwa kuwa kazi hiyo ni nyepesi kwake. Somo la kwanza na liwe taa ya LED pamoja na resista ya omu 330 kwenye pini ya GPIO 17 (GPIO ni pini za kuingiza na kutoa ishara), kwa maktaba ya programu ya gpiozero katika lugha ya Python, ambayo inakuwezesha kuiwasha taa kwa mistari michache inayosomeka. Kumbuka tu kwamba pini hizi ni za volti 3.3, na kuingiza volti 5 kwenye pini ya GPIO kunaweza kuiua bodi papo hapo bila moshi wala onyo. Vihisi vingi vinavyouzwa kwa ajili ya Arduino, aina nyingine ya bodi ndogo, ni vya volti 5, kwa hiyo uliza kabla ya kuunganisha.

Ipo pia kasoro ya msingi: bodi haisomi mawimbi ya analogi. Kihisi cha unyevu wa udongo kinachotoa volti zinazopanda na kushuka hakitasomeka mpaka uongeze chipu ya kubadilisha kama MCP3008. Kihisi cha joto cha DS18B20, kwa upande mwingine, kinatoa namba moja kwa moja, kinahitaji waya mmoja wa data na resista ya omu 4,700, na ni kizuri sana kwa wafugaji wanaotaka kufuatilia joto la mashine ya kutotolesha vifaranga, ambalo linatakiwa kubaki karibu na nyuzi 37.5. Hapo ningetenganisha kazi mbili. Zero 2 W iandike kumbukumbu na kuzionyesha kwenye simu, lakini kuwasha na kuzima hita kuachiwe kidhibiti kidogo kama Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4, ambayo haina mfumo endeshi wa kuharibika na huanza kazi mara tu umeme unaporudi. Mayai hayawezi kusubiri Linux iwake.

Kwa anayeandika kumbukumbu za aina yoyote, ajue kwamba bodi haina saa yenye betri. Ikizimika na kuwaka bila intaneti, itaendelea kuanzia muda wa mwisho iliouhifadhi, na kumbukumbu zote zitakuwa na tarehe ya uongo. Moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya kidonge huondoa tatizo hili kwa gharama ndogo, na mahali penye umeme wa kusuasua naihesabu kuwa sehemu ya bodi.

Joto halikunitisha. Katika hali ya hewa ya pwani, bodi isiyofunikwa hupata moto inapofanya kazi nzito lakini huvumilia. Ikikaribia nyuzi 80 hujipunguzia kasi yenyewe. Amri ya vcgencmd measure_temp itakuonyesha kiwango kilivyo wakati wowote. Usiifungie tu ndani ya kasha lisilo na matundu ya hewa.

Kuhusu kununua, maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Luthuli Avenue jijini Nairobi ndiyo ya kuanzia, pamoja na wauzaji wa mtandaoni wa hapa kwetu, ila usitarajie kuipata kwa zile dola 15, kwa kuwa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji huongezeka juu yake. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi kabla ya kulipa na uhakikishe yanasema Zero 2 W, maana Zero W ya zamani bado inazunguka na kwa jicho la haraka huwezi kuzitofautisha. Pia usikubali kifurushi chenye kadi iliyokwisha kuandikwa mfumo bila kuijua chapa yake, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo muuzaji anapojifidia, na mfumo utakaousakinisha mwenyewe utakuwa mpya zaidi.

Katika bajeti weka fungu la kadi ya pili. Bodi ikishafanya kazi unavyotaka, izime, toa kadi, na utengeneze nakala yake nzima kuwa faili moja, kwa Win32 Disk Imager kwenye Windows au kwa amri ya dd kwenye Linux, kisha uiandike faili hiyo kwenye kadi ya pili na uiweke kando. Kadi mbili zilizoandikwa gigabaiti 32 huenda zisilingane kabisa kwa ndani, na nakala ya moja ikakataa kuingia kwenye nyingine kwa tofauti ndogo tu. Kwa hiyo kadi ya pili na iwe ya gigabaiti 64, au nakala ipunguzwe kwanza kwa PiShrink, programu ya Linux inayofupisha faili za aina hiyo.